Zawadi ya Krismasi kwa kocha wa farasi: Lipa deni kwanza

Mama mmoja wa Ongata Rongai ameniandikia ujumbe mrefu. Binti yake wa miaka tisa hupanda farasi kila Jumamosi asubuhi katika kituo kimoja upande wa Karen, na tangu Novemba ianze kundi la WhatsApp la wazazi halilali. Mzazi mmoja alipendekeza kocha anunuliwe saa ya mkononi. Mwingine akasema saa ni kitu kidogo, afadhali apelekwe Naivasha wikendi nzima akapumzike. Kisha ikaja ile orodha tunayoijua sote: nambari, jina, kiasi, alama ya tiki. Anayeongoza ametoa Sh5,000.

“Mimi nina Sh700,” anaandika mama huyu, “na sitaki binti yangu aonekane kama amebebwa na wenzake. Nimnunulie nini huyu kocha?”

Nitamjibu kwa kirefu, kwa sababu maswali ya namna hii huniletea pia wazazi wa watoto wanaoogelea, wanaocheza tenisi, hata wanaosoma madrasa. Lakini kocha wa farasi ana mambo yake, na ukimnunulia kitu bila kuyajua, kitakaa kabatini mpaka apate mtu wa kumpa.

Kwanza kabisa, mzazi mwenzangu, fungua simu uangalie kama unadaiwa.

Sina maana mbaya. Wako wakufunzi wengi wa farasi ambao hawana mshahara wa mwezi; hulipwa kwa kila somo walilofundisha. Mvua ikinyesha na uwanja ukawa tope, hakuna somo na hakuna pesa. Mtoto akiamka na mafua, au nyinyi wazazi mkikumbuka Ijumaa saa nne usiku kwamba kesho kuna harusi Machakos, mnatuma ujumbe wa “Pole kocha, kesho hatutaweza”, na kwenu mambo yameishia hapo. Kwake, ile saa aliyokuwa amewawekea imepotea, na farasi aliyetengewa mtoto wenu amekula vilevile.

Desemba ni mwezi wa ajabu kwa watu hawa. Shule zimefungwa, kwa hivyo mwanzoni mwa likizo watoto hujaa mpaka farasi hawatoshi. Ikishapita Sikukuu ya Jamhuri, watu hufunga mizigo wakaenda mashambani au Mombasa, na uwanja hubaki na farasi na saisi. Halafu Januari inaingia na karo. Kocha naye ana watoto.

Kwa hivyo hesabu masomo mliyoahirisha dakika za mwisho tangu Septemba. Kama kituo kina kanuni ya kuyalipia na hamkuyalipia, yalipieni. Kama hakina kanuni, lipieni hata mawili. Tuma pesa mapema, kabla familia hazijasafiri, na utume na ya kutoa. Hapo usiandike “Krismasi njema”. Andika kwamba ni malipo ya masomo ya tarehe fulani na fulani, ili ajue kwamba uliyahesabu.

Mkufunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba ujumbe wa M-Pesa wa aina hiyo, ulioingia wiki moja kabla ya Krismasi, ulimfurahisha kuliko kikapu cha mvinyo alicholetewa na mzazi mwingine aliyekuwa na deni la wiki sita. Kikapu kilikuwa kizuri, akasema. Ila yeye hanywi pombe.

Sasa tuje kwenye zawadi yenyewe.

Mtu akisikia neno farasi, mkono hukimbilia kitu chenye picha ya farasi. Kikombe cha farasi, kalenda ya farasi, saa ya ukutani yenye farasi anayeruka. Mwalimu wa hisabati hatumpelekei kikombe chenye picha ya pembetatu. Kocha aliyefundisha miaka kumi ana vikombe vya farasi vya kutosha kufungua hoteli, na wewe ukimletea kingine atatabasamu kwa sababu ana adabu.

Usinunue vifaa vya farasi kwa kukisia pia. Tandiko hupimwa kwa mgongo wa farasi fulani, na likimbana au likilegea linamtia vidonda. Lijamu, kile chuma kinachokaa kinywani, nalo lina vipimo vyake. Lisipomkaa sawasawa humuumiza ulimi na pembe za mdomo, na farasi mwenye maumivu mdomoni ndiye anayemtupa mtoto. Vitu hivi vina bei, vinapendeza kwenye picha, na mara nyingi huishia kutundikwa msumarini.

Na tafadhali, helmeti ya mtumba usinunue, iwe ni ya kocha au ya mtoto wako. Ile sponji ngumu iliyo ndani husagika mtu anapoanguka ili kichwa kisipate kishindo chote, na ikishasagika hairudi. Kwa nje huwezi kuona. Ndiyo sababu helmeti hubadilishwa baada ya mwanguko mkubwa hata kama ingali inang’aa. Ya Gikomba hujui ilianguka na nani. Buti na glavu za ngozi ni habari nyingine. Ukiwahi Toi asubuhi mapema unaweza kubahatika na buti ambazo dukani usingethubutu kuuliza bei.

Njia bora ya kujua cha kununua ni kumtazama kocha akifanya kazi saa nzima, bila kushika simu. Wazazi wengi hatufanyi hivyo. Tunamteremsha mtoto, tunarudi garini, tunasoma habari mpaka muda uishe.

Utamwona amesimama katikati ya uwanja, anazunguka pole pole kumfuata mtoto kwa macho, jua la utosi, vumbi jekundu la Karen likiwa limemfika magotini. Anapaza sauti kutwa: visigino chini, tazama mbele, legeza mikono. Anakimbia kando ya poni akiwa ameshika kamba, kwa sababu mtoto mdogo bado hawezi kujishikilia farasi anapoanza kukimbia. Anainua watoto kuwapandisha, mmoja baada ya mwingine, na watoto wa siku hizi si wepesi. Akimaliza somo la nane, mgongo unamuuma na sauti imekauka.

Sasa angalia kilichochakaa. Kama ni kofia, mnunulie kofia pana yenye kamba ya kidevuni isiyopeperushwa na upepo. Kama anakuja na chai kwenye chupa ya soda, nunua thamosi. Gambuti za mvua, maana msimu huu wa vuli anazihitaji kila siku. Krimu ya jua. Soksi ndefu nzito, jozi tatu. Hakuna anayezifikiria, lakini mtu anayeshinda ndani ya buti anajua thamani ya soksi. Mama wa Rongai, kwa Sh700 zako mimi ningenunua chupa ya asali nzuri ya Kitui au Baringo, kwa sababu ya hilo koo, na pesa iliyobaki ningeishika kwa ajili ya mtu nitakayemtaja sasa hivi.

Kama bado hujui akose nini, usimuulize kocha. Atakwambia usijisumbue. Muulize saisi.

Neno saisi ni la zamani katika Kiswahili, tulilipata kwa Waarabu, na ndilo linalotumika mazizini hadi leo. Ni yule anayemlisha farasi alfajiri, kumsugua kwa brashi, kumchokoa kwato, kuzoa samadi na kumtandika kabla mtoto wako hajafika. Anajua kila kitu kinachokosekana. Atakwambia kwamba brashi zimeisha meno, kwamba vile vyuma vya kuchokolea kwato hupotea kila wiki, kwamba kamba za kuongozea farasi zimeungwaungwa mpaka zimekuwa fundo tupu. Hivyo ni vitu vya bei ya chini ambavyo humwondolea kocha kero ya kila siku, na unaweza kuvinunua ukijua kwamba vitatumika.

Lakini saisi hayupo hapo ili akusaidie tu kumchagulia kocha zawadi, na hapa ndipo ninapogombana na wazazi wenzangu kila mwaka.

Fikiria mkanda wa tandiko, ule unaopita chini ya tumbo la farasi. Ukilegea, tandiko huzunguka na mtoto anakwenda nalo. Kocha huukagua kabla ya mtoto kupanda, ndiyo, lakini aliyeufunga ni saisi. Ni yeye aliyegundua asubuhi kwamba farasi amekwama jiwe kwenye ukwato na anachechemea kidogo. Ni yeye aliyemwambia kocha, “Huyu leo hana raha, mpe mtoto mwingine.” Binti yako amerudi nyumbani mzima kila Jumamosi mwaka huu kwa sababu ya watu wawili, na kwenye ile orodha ya WhatsApp jina la mmoja halipo.

Na Krismasi yake mnajua ikoje? Farasi hajui tarehe 25. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, halikuumbwa kula mlo mmoja mkubwa na kungoja kesho. Anatakiwa ale kidogo kidogo karibu kutwa nzima. Kwa hiyo kuna mtu lazima aamke siku ya Krismasi kumpa nyasi kavu na maji, na jioni kabla jua halijazama, amrudishe zizini. Hiyo ya jioni ina sababu yake. Kuna maradhi yanayoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, virusi vinavyosambazwa na visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma kuanzia magharibi hadi alfajiri na kuzaana sana baada ya mvua. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuonyesha kuugua. Farasi huvipata na mara nyingi hufa, wakati mwingine katika siku chache tu. Chanjo ipo na farasi wa vituo vizuri huchanjwa kila mwaka, lakini hakuna mwenye farasi anayetegemea chanjo peke yake. Karen na Lang’ata zimepakana na Mbuga ya Nairobi, kwa hiyo punda milia si wageni wa mbali. Wakati sisi tunageuza nyama kwenye makaa, saisi anafunga milango ya mazizi.

Basi bahasha ya saisi iwe na jina lake. Jina lake hasa, lililoandikwa na mtoto. Kama mtoto halijui, Jumamosi ijayo akaulize. Isiwe mabaki ya zawadi ya kocha, wala “hii mtagawana”. Pesa taslimu si aibu hata kidogo. Unga, sukari na mafuta ya kupikia navyo hupokewa vizuri na mtu ambaye watoto wake wako Vihiga au Kitui na yeye hataenda nyumbani mpaka Januari. Kama kituo kina masaisi watatu, wote watatu, hata ikiwa kila mmoja atapata kidogo.

Watoto wao, bila shaka, hufikiria zawadi ya farasi kabla ya zawadi ya binadamu yeyote. Hilo ni zuri, ila lina hatari zake.

Karoti ni sawa. Nunua Marikiti asubuhi, zioshe, na uzikate kwa urefu kama vibanzi. Vipande vya mviringo vinaweza kumkwama farasi kooni. Mtoto afungue kiganja, bapa kama sahani, asishike karoti kwa vidole. Lakini uliza kwanza. Kuna farasi wenye maradhi ya kwato ambao vitu vitamu wamekatazwa kabisa. Na kama familia ishirini zitafika Jumamosi moja, kila moja na mfuko wa kilo mbili, mmeleta balaa. Farasi hawezi kutapika. Akila kupita kiasi au akila asichokizoea, kinabaki tumboni, na maumivu ya tumbo ni miongoni mwa mambo yanayoua farasi wengi. Pangeni zamu: familia moja, wiki moja.

Avokado, hapana. Najua huu ni mti ulioko kwenye kila ua na matunda yanaoza chini, lakini tunda, majani na gome lake vyote ni sumu kwa farasi. Chokoleti, hapana. Vitunguu, hapana. Nyasi mbichi ulizofyeka kwenye uwanja wa nyumba yako na kuzijaza gunia, hapana. Huchacha haraka na kumvimbisha tumbo. Na kama unapeleka shada la maua, hakikisha halina oleanda, yale maua ya waridi na meupe yanayopandwa kando ya barabara na kwenye ua za nyumba. Majani machache tu yake yanatosha kumuua farasi.

Nirudi kwenye kundi la WhatsApp na hizo pesa ambazo tayari zimekusanywa.

Naivasha ni pazuri. Ila wikendi ya mapumziko kwa mtu anayelipwa kwa somo maana yake ni Jumamosi na Jumapili bila kipato, na ndizo siku zake kubwa. Kabla hamjalipia chumba, muulizeni. Mimi kuna kitu ningekipendekeza mbele ya hicho: mlipieni mafunzo ya huduma ya kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya na St John Ambulance wote hufundisha, na ukimaliza unapewa cheti. Kocha mwenye cheti kipya cha huduma ya kwanza ana cha kuonyesha anapotafuta kazi bora au anapoomba kuongezwa malipo, na mtoto wenu siku akianguka vibaya, mtu wa kwanza kumfikia anajua kwamba hapaswi kumwinua kwa haraka wala kumvua helmeti kwa pupa. Muulizeni kwa heshima, msije mkaonekana mnamwambia hajui kazi. Na kama tayari anacho na bado hakijakwisha muda, mwulizeni kama saisi angependa.

Zawadi nyingine ya kundi haigharimu chochote. Mwandikieni mwenye kituo barua, mkatie sahihi wazazi wote, na nakala mmpe kocha. Semeni ni nini hasa alichofanya mwaka huu: mtoto gani alikuja akiogopa hata kumgusa farasi na sasa anaruka vizuizi vidogo. Vyeti vya kimataifa vya ukufunzi wa farasi vipo, kama vile vya British Horse Society, lakini kuvipata ni gharama, na wapo makocha hodari waliojifunza kazi mgongoni mwa farasi tangu utotoni bila karatasi yoyote. Barua kama hiyo ndiyo karatasi yao.

Kuhusu ile orodha yenye viwango, ifutwe leo. Sisemi hivyo kwa kumhurumia mwenye Sh700 peke yake. Kocha huyo huyo ndiye anayeamua nani atapanda poni mtulivu na nani atapanda yule mkorofi, na nani atakwenda kwenye mashindano ya mwaka mpya. Mzazi anayetoa Sh5,000 mbele ya macho ya wote, akijua kwamba habari zitamfikia kocha, anaweza kuwa na moyo safi kabisa. Lakini akichaguliwa mtoto wake Januari, wazazi kumi na tisa watasema vilevile, na kocha atakuwa amechafuliwa jina kwa zawadi ambayo hakuiomba.

Mweka hazina mmoja apokee pesa, kila mtu atume anachoweza, na kiasi kibaki baina yao wawili. Kadi iwe moja, majina ya watoto yapangwe kwa alfabeti. Asiyekuwa na kitu mwaka huu, na tunajua mwaka umekuwaje, mtoto wake aandike jina lake kwenye kadi pamoja na wenzake na pasiwe na swali. Kwa familia inayotaka kutoa zawadi yake kando, mimi naona thamani ya somo moja inatosha. Hicho nakihesabu kuwa ndicho kiwango cha juu.

Jambo moja ambalo halipendezi kulitaja msimu wa sikukuu, lakini ukurasa huu ni wa wazazi. Zawadi ya kocha itolewe na mzazi akiwepo, hadharani. Vivyo hivyo, kocha akitaka kumpa mtoto kitu, akupe habari. Mchezo huu una kugusana ndani yake: kocha humshika mtoto mguu kumpandisha, humrekebisha kisigino, humshika mkono kwenye hatamu. Mwambie mtoto mapema ni mguso gani ni wa kazi na upi si wa kazi. Makocha wazuri wenyewe hupenda mambo yawe wazi hivyo, na watakushukuru. Zawadi inayoanza na “usimwambie mama”, hata ikiwa peremende, ni sababu ya kufunga safari kwenda kuzungumza na mwenye kituo siku hiyo hiyo.

Kisha kuna barua ya mtoto, na hii haiwezi kununuliwa.

Usimwandikie. Usimpe kadi yenye maneno yaliyochapwa tayari akaongeza jina tu. Mkalishe mezani umuulize maswali matatu: siku gani uliogopa zaidi mwaka huu? Kocha alikwambia nini? Farasi alikuwa nani? Kisha aandike hayo hayo, kwa Kiswahili chake chenye makosa. “Kocha, siku ile farasi alishtuka na mimi nikalia, ulisema nimshike shingo nipumue naye. Nilipumua. Sasa hata giza likiingia kwa nyumba stima zikipotea ninapumua hivyo.” Mtoto wa miaka tisa anaweza kuandika hivyo ukimwachia nafasi, na kocha ataihifadhi.

Picha nazo zina kazi yake. Makocha hupiga picha za watoto wetu kila wiki na kututumia. Wao wenyewe hawamo, kwa sababu ndio wanaoshika simu. Tafuta katika simu yako picha moja ambamo kocha na saisi wanaonekana vizuri pamoja na farasi, iprinti studio kwa ukubwa wa karatasi, itie fremu. Bei yake ni ndogo.

Nilimjua mkufunzi aliyepoteza farasi wake mzee msimu wa mvua, jike la kijivu ambaye watoto wengi walijifunzia mgongoni mwake. Aliugua Jumanne na Alhamisi akawa hayupo. Jumamosi masomo yaliendelea kama kawaida, kwa sababu lazima yaendelee, na wazazi wengi hawakujua hata kwamba kuna zizi tupu. Mwezi uliofuata mzazi mmoja alimletea picha ya jike huyo akiwa na mtoto mgongoni, kocha kando ameshika hatamu akicheka na kitu kilicho nje ya picha. Hakusema asante. Aliigeuza, akaiweka ndani ya gari, akarudi uwanjani kumalizia somo. Miaka minne baadaye ile picha ilikuwa ukutani kwake, juu ya televisheni.

Kwa hiyo kama kituo chenu kilipoteza farasi mwaka huu, tazama kwenye simu yako kabla hujakwenda dukani.

Siku ya kupeleka, chagua Jumamosi ya mwisho kabla watu hawajasafiri, na fika dakika kumi baada ya somo kwisha, wakati farasi wameshavuliwa matandiko. Kama kocha wako ni Mwislamu, zawadi ya mwisho wa mwaka ataipokea bila shida, ila kadi tafuta isiyo na hori la Bethlehemu. Acha karatasi za kumetameta zinazolialia. Farasi hushtushwa na mlio ambao masikio yetu hayaujali, na farasi mmoja akishtuka huwashtua wengine. Tumia kiondo au mfuko wa kitambaa. Ikiwa mnaishi jirani na mazizi na mmepanga fataki za mwaka mpya, mpigieni kocha simu mapema awajue farasi wa kufungia ndani, au bora zaidi, msizilipue.

Na kama mtoto amesisitiza kuleta puto, puto libaki garini.